Minyoo Niliowafuga

Mnyoo wangu wa kwanza nilimwona nikiwa darasa la tatu, alipochungulia kupitia pua yangu. Sizidishi chumvi. Tulikuwa nyumbani kwetu Bungoma, tumetoka tu kula, nikakohoa, nikahisi kitu kinateleza nyuma ya ulimi, na mama akaniambia nisimeze mate. Alimshika kwa ncha ya leso, akamvuta polepole mpaka akaisha, akamrushia kuku uani. Kuku alimmeza. Krismasi tulimchinja kuku huyo, na mimi nikala mchuzi pekee, macho nimefumba.

"Usilie," mama aliniambia siku ile. "Kila mtu ako na yake. Ndiyo inasaga chakula. Yako imekosa tu adabu."

Hiyo ndiyo elimu niliyopewa. Tulikuwa watoto saba, matumbo yakitangulia, miguu pekupeku kwenye tope la njia ya choo, na kila mmoja aliamini ana mpangaji wake tumboni. Mimi kinyaa kilinishika siku ile na hakijaniacha. Hadi leo sili tambi. Nikimwona mtu akizifyonza mezani, natoka nje.

Nadhani ndiyo maana nikaishia kuuza dawa ya minyoo. Nina duka la dawa za mifugo Kitale, na mkulima akiniuliza ng'ombe wake apewe lini, najibu kabla hajamaliza. Nyumbani Kibomet nilikuwa mkali zaidi. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, hakukanyaga chini bila viatu. Mboga nilizichemsha hadi zikapoteza rangi. Kila baada ya miezi mitatu alitafuna kidonge chake mbele yangu, kisha akafungua mdomo nikague.

Na mtoto huyo msafi ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alianza na ukurutu nyuma ya magoti, akajikuna hadi damu. Zikaja chafya za asubuhi, kamasi zikichuruzika mpaka kwenye kola ya sare. Halafu pumu. Kifua kilipiga mluzi nikiwa chumba cha pili nausikia. Sisi saba wa Bungoma, wachafu vile, hakuna aliyewahi kupiga mluzi kifuani, na jambo hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku moja nilimuuliza daktari wa kliniki yetu, kwa hasira. Alinieleza kwamba mnyoo akitaka kukaa mwilini miaka, huutuliza mwili ili usimfukuze, na mwili uliotulizwa hivyo huenda usiwe mwepesi wa kupigana na vumbi au chavua. Kisha akaongeza kwamba mambo hayako wazi, kwamba minyoo wengine, hasa hawa wakubwa wanaopitia mapafuni, wanaweza kuizidisha pumu, na kwamba hiyo si tiba hata kidogo. Nusu ya kwanza niliisikia. Nusu ya pili niliitikia kwa kichwa huku nikitafuta funguo kwenye mkoba.

Jioni nikampigia mama simu.

"Si nilikwambia?" alisema, na nilisikia anavyofurahi. "Mlimaliza hizo askari za tumbo, sasa areji ya chafya na kujikuna imepata nafasi. Leta mtoto huku."

Likizo ya Agosti nikampeleka. Ningeweza kusema alienda kumsalimu nyanya yake, lakini ningekuwa nadanganya. Nilimfungia begi mwenyewe, na viatu nikaviacha nyumbani makusudi.

Alirudi na kucha nyeusi, anapumua vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Huenda ni kwa sababu kule hakukuwa na vumbi letu. Sikutaka kulifikiria hilo. Miezi miwili baadaye nikamwona mnyoo chooni: mweupe, mrefu kama penseli mpya, bado anajikunja. Nilitapika. Nikanawa, nikaenda kabatini, nikatoa kidonge. Nilikishika mkononi huku nikimsikia mtoto akiimba chumbani kwake, wimbo mzima bila kukatika pumzi. Nikakirudisha kabatini.

Siku ya dawa ya minyoo shuleni ilipofika, ile ambayo watoto wote hupanga foleni na kutafuna, nilimwambia abaki nyumbani kwa kuwa ana homa. Hakuwa na homa. Mimi nisiyekula tambi nilikuwa nimefuga minyoo ndani ya mtoto wangu, na kila nilipomkumbatia nikahisi tumbo lake gumu likigusa langu, nilijichukia.

Mahindi yalipokauka, jirani akaleta mashine ya kupukuchua karibu na ua wetu, vumbi la makapi likatujaa. Wakati wa chakula cha mchana mtoto aliingia jikoni hawezi kusema. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi ya majivu. Inhela, kile kipulizo chake cha pumu, ilikuwa kwenye droo, sijaikagua tangu Agosti. Ilikuwa tupu. Tukapanda bodaboda, nimemkumbatia kwa nyuma, nikimwambia vuta, mama, vuta.

Kliniki walimfunika barakoa ya mvuke wa dawa. Nilisimama nikihesabu pumzi zake, nikiwa na hakika kwamba nimemuua. Hatimaye rangi ikamrudia. Alikohoa, akainama, na ndani ya beseni akaanguka mmoja, mzima, sawa kabisa na yule wangu.

Daktari akamtazama mnyoo, kisha akanitazama mimi. "Dawa ya minyoo alipewa lini?"

"Juzi tu, shuleni," nikasema.

Mtoto akainua barakoa. "Mama, siku hiyo si ulisema niko na homa?"

Daktari aliandika. Nesi akaja kuchukua beseni, amegeuza uso pembeni, akinung'unika ati hizi vitu zinatoka wapi na kila mtu siku hizi ako na choo.

"Wacha, sista," nikamwambia. "Hiyo ni yangu."