Nilipoteza Kichwa cha Samaki wa Baba Mkwe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkaanza kuilaumu jenereta, au mvuvi wa Nyangwe, au mdogo wangu. Hasa mdogo wangu. Huyo nilimlaumu mimi mwenyewe, tena mbele za watu.

Jina langu siliweki, maana Kasongo tunajuana. Mdogo wangu nitamwita Sifa, ingawa siyo jina lake. Mama yetu alipofariki mimi, yaya wake, yaani dada yake mkubwa, ndiye niliyemlea. Kwa hiyo alipopata mchumba, mwalimu wa huko Wamaza, wakwe walipanga kuja kwangu wamwone, wale chakula chetu, ndipo watoe neno la ndoa.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Mwezi ule mume wangu alikuwa ameniletea kutoka Bukavu sufuria ya umeme, ile inayojifunga kifuniko na kupikia kwa mvuke. Ina vitufe vingi na maandishi ya Kichina. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya jirani video ya watu wanaopika kamba, kaa, mahindi na mayai kwa pamoja ndani ya sufuria kama hiyo, halafu wanavimwaga mezani, vyekundu, vinang'aa, kila mtu anakula kwa vidole huku anacheka. Video hiyo niliitazama mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia mwaka ule. Mungu anisamehe na hilo pia.

Nikajiambia, wakwe watakula hiki, na Wamaza nzima itasimuliwa.

Sifa alijaribu kuniokoa. Alikuja jikoni na mbabula yake, jiko letu la makaa, tayari ameshaijaza.

"Yaya, samaki nitamupika miye, na makala, vile mama alitufundisha. Wazee wanapenda vile."

"Mbabula kila mutu iko nayo," nikamjibu. "Uache mashine ifanye kazi. Wakiuliza, utasema ni weye ulipika."

Akanyamaza. Sifa akinyamaza ujue hajakubali, lakini siku ile nilichukua kimya chake kuwa ndiyo.

Mvuvi alikuwa ameniletea kaa, kamba wa mtoni nusu ndoo, na samaki mmoja mrefu kama mkono wangu. Hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu samaki wa wakwe hachezewi. Baba wa kijana anawekewa mbele yake, na kichwa ni chake. Akikiona anajua amepokewa. Asipokiona, ni kama umemwambia hukumtegemea. Hayo niliyajua tangu utoto. Lakini samaki hakuenea kwenye sufuria, nikamkata, nikakitumbukiza kichwa pamoja na vingine, nikisema nitakitoa mwishoni nikiweke juu ya sahani kipendeze.

Umeme, au kuran kama tusemavyo Kasongo, niliuomba kwa jirani kinyozi, mwenye jenereta. Nikatafuta kitufe cha samaki, sikukiona. Nikabonyeza chenye picha ya ng'ombe. Nilifikiri, ikiwa ng'ombe anaiva humo, samaki atashindwaje?

Kifuniko kikajifunga. Jenereta ikaanza kukohoa. Kinyozi akaniita kutoka upande wa pili wa ua: "Mama, mashine yako inakula kuran yote! Niko na mutu hapa, nimemunyoa nusu!" Nikamwambia avumilie kidogo. Yule mteja alimaliziwa kwa wembe, na mpaka leo tukikutana sokoni hanisalimii.

"Yaya, tufungue tuonje," Sifa akasema.

"Haifunguke mpaka imalize."

"Sasa tutajua je kama imeisha kuiva?"

Nikamtuma akapange viti.

Wakwe wakafika: mzee, mke wake, na mwalimu wetu ndani ya koti lililompwaya. Mashine ikapuliza mvuke kwa kelele, mama mkwe akasogeza kiti chake karibu na mlango. Nikafungua.

Ndugu zangu, ulikuwa uji. Uji mwekundu wa mawese. Kaa walibaki magamba, mayai yamepasuka, kamba sijui walielekea wapi. Nikakitafuta kichwa kwa mwiko kama mtu wa Kabambare anayetafuta dhahabu kwenye mchanga. Nilipata jicho moja. Nililitazama nalo likanitazama.

Nikaupeleka hivyo hivyo, kwenye sinia la wageni. Mzee akaangalia. Akaligeuza sinia kidogo, kwa heshima, akaangalia na upande wa pili.

"Kichwa iko wapi?"

Kisha akamgeukia Sifa, tena kwa upole. "Ni weye ulipika, mama?"

Sifa akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu, ni mimi. Badala yake nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Ni yeye. Kichwa labda alionja wakati wa kupika."

Mchumba mzima, amekula kichwa cha baba mkwe jikoni! Hilo ndilo nililomvika mtoto niliyemlea mwenyewe. Sifa hakujitetea. Aliinamisha uso, na mimi nikaanza kugawa uji.

Walionja kidogo, wakashukuru, wakaondoka. "Tutatuma neno," mzee akasema.

Neno halikuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sifa alipika, alifua, alifagia, na hakunisemesha. Mwalimu akapiga simu, akamweleza maneno ya mama yake: "Kama anakula kichwa ya baba mukwe hajaolewa bado, akisha kuolewa atakula nini?" Nilimsikia Sifa akilia nyuma ya nyumba, karibu na ile mbabula yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba namharibia maisha kwa ajili ya sufuria.

Asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Wamaza, mashine nimeipakata mapajani. Njia nzima kwenye matope kifuniko kilinigonga kidevuni, na nilistahili. Nilimkuta mzee anapukuchua mahindi na mke wake. Nikaiweka chini mbele yao, nikapiga magoti.

"Baba, Sifa hakukula kichwa. Ni miye nilipika. Mashine hii ilikimaliza, miye nikasema uongo juu ya mutoto."

Mzee akaizunguka. Akabonyeza kitufe, hakuna kitu, umeme haupo.

"Ikisha kujifunga, munajua je vitu vya ndani viko namna gani?"

"Hatujue, baba."

"Na munapikia wageni?"

"Ndiyo, baba."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Mzee alijizuia kidogo, naye akashindwa. Kisha akaacha kucheka, akanitazama vizuri.

"Chakula kuharibika, ile si kitu. Ulimutupa mutoto wako mbele yetu. Tutarudia. Sifa atapika. Weye utaketi pamoja na wageni, mikono yako tuione."

Walirudi kweli. Sifa alipika kwa makaa, na kichwa kilikuja mezani kizima, kimefungua mdomo. Mzee alikila mpaka mifupa, jicho la mwisho akampa mke wake. Mimi niliketi mikono juu ya meza kama mtuhumiwa, na sijawahi kufurahi hivyo.

Sasa Sifa ana nyumba yake Wamaza. Mashine anayo yeye, kuku wake anatagia humo. Amenisamehe, anasema. Lakini wewe unayesoma, usipikie wakwe kitu ambacho huwezi kukifungua ukaonja. Na kikiharibika, sema ni mimi, papo hapo, kabla mtu mwingine hajainamisha uso kwa ajili yako.

Mimi ndiye mama yake aliyebaki, na nikimtembelea, kichwa cha samaki kwa haki ni changu. Nimeenda mara nne. Mara zote nne nimekuta mkia. Ya mwisho nilijikaza nikauliza, na Sifa, bila hata kutabasamu, akaniongezea ugali.

"Kichwa nilionja wakati wa kupika, yaya."