Pale Nabii Suleimani Alipotabasamu

Nyanya yangu aliwapiga watoto wa watu akiwa na ushahidi wa wanyama. Chuo chake cha Kurani kilikuwa barazani mwa nyumba yetu, Mishomoroni, na kila kosa lilikuwa na mnyama wake. Ukichelewa, uliulizwa habari za ndege Hudihudi.

"Hudihudi alichelewa mbele ya Nabii Suleimani," alikuwa akisema, bakora iko tayari, "akaahidiwa kuchinjwa asipoleta sababu. Akaleta habari za malkia na ufalme mzima. Wewe waniletea nini? Waniletea tongotongo."

Kisha unazipata bakora zako. Msinziaji alitajiwa mnyama atakayetoka ardhini siku za mwisho awasemeze watu, na kwa hesabu za nyanya mnyama huyo angeanzia Mishomoroni. Mama mmoja wa bara, Mkristo, aliyepanga chumba chetu cha uani, alimwambia siku moja kwamba hata katika kitabu chao yumo punda aliyesema, ila alipigwa mara tatu ndipo akafungua kinywa.

"Hawa wangu wamepigwa zaidi ya hapo," nyanya akamjibu, "na bado hawasemi."

Ni sisimizi peke yake aliyemlainisha. Alitusomea jinsi sisimizi alivyoliona jeshi la Suleimani likija, akawaambia wenziwe: ingieni majumbani mwenu, asije Suleimani na majeshi yake akawaponda, hali hawajui. Suleimani, aliyejaliwa kufahamu usemi wa viumbe, akayasikia maneno yale akatabasamu. Hapo nyanya naye alitabasamu, na kwa kuwa halikuwa jambo la kila siku, tulilingoja.

"Mwaona?" alituambia. "Mkubwa wa kweli humsikia hata aliye chini ya wayo wake."

Nilikuja kuelewa kwa nini alikipenda kisa kile. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi haikuwa yetu. Ndivyo walivyoishi wengi Kisauni: babu alijenga kwa udongo, boriti na makuti juu ya kiwanja cha bwana mmoja wa kisiwani, na sote tukakaa kwa hisani yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini bwana yule aliuza kiwanja kizima, chetu na cha majirani. Tukaletewa habari kwamba tinga laja kubomoa, na anayetaka boriti zake azing'oe mwenyewe mapema.

Majirani walilia. Nyanya alivaa buibui. Bwana yule, alisema, alisomeshwa na babake nyanya, ukumbi mmoja na yeye, na kisa cha sisimizi walikihifadhi pamoja.

"Kitabu kimemwingia yule," aliniambia. "Atasikia."

Nilimwamini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, na nilichukuliwa kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemwanza nyanya, hakupenda kuvuka barabara peke yake.

Tulipokewa vizuri, sina budi kulisema hilo. Nilitoa shikamoo, nikapewa marahaba na sahani ya haluwa. Nyanya hakuitaja nyumba hata kidogo. Alikaa wima kitini akaisoma aya ya sisimizi kwa sauti yake ya chuoni, na bwana yule akatokwa na machozi. Wallahi niliyaona. Nikajua tumepona.

Alijifuta kwa leso. "Mashallah, dadangu. Sauti ni ile ile ya marehemu mwalimu. Lakini yule sisimizi hakumwendea Suleimani, wala hakumwomba asimame. Aliwaambia wenziwe waondoke njiani. Nawe nenda kawaambie wenzio."

Niliirudisha haluwa iliyobaki sahanini.

Nyanya alisimama. "Sisimizi alimtafutia Suleimani udhuru," alisema. "Alisema, hali hawajui. Wewe wajua, kakangu."

"Najua," alisema bwana yule, akaagiza tufungiwe haluwa ya kwenda nayo nyumbani. Nilimchukia siku ile na namchukia hadi leo. Alipokufa watu walimsifu kwa moyo wake mwepesi wa kulia msikitini.

Tinga lilikuja asubuhi. Nyanya alipita mlango kwa mlango akiwaambia watu watoke, na wapo waliomtukana, kana kwamba yeye ndiye aliyeuza kiwanja. Sisimizi walau alikuwa na mahali pa kuwaambia wenziwe waingie. Kijana mwendesha tinga alipofika barazani kwetu aliteremka, akavua kofia.

"Pole, mama. Mimi ni mtu wa kazi tu."

"Hata majeshi ya Suleimani walikuwa watu wa kazi," nyanya akamwambia. "Fanya kazi yako."

Akaifanya. Haikumchukua muda, udongo ni udongo.

Tulihamia Likoni, kwa dadake nyanya, na baada ya miezi akafungua chuo tena kwenye ukumbi wa watu. Bakora ilikuwa imesalimika. Darasa lilipofikia kisa cha sisimizi, alisoma mpaka pale pa hali hawajui, akatuamuru tufunge misahafu. Mtoto mmoja mgeni, wa kike, mdogo kuliko wote, aliyekuwa amekisikia kisa kwao, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, umeruka pale Nabii Suleimani alipotabasamu."

Nyanya akamwita mbele. Nilikuwa nimemwona akipiga wachelewaji, wasinziaji na waongo. Hakuwahi kumpiga aliyesema kweli, na huyu alimpiga kuliko wote, mpaka dadake akaja mlangoni akasema basi. Kisha akaketi, akiwa anahema, akamwambia yule mtoto afungue msahafu wake asome mwenyewe pale palipobaki. Mtoto akasoma kwa kwikwi, neno kwa neno, mpaka Nabii Suleimani akatabasamu.