Nguo Zisizochukuliwa

Bibi Pasi alikuwa mtu wa kazi moja na maneno mengi. Tangu ujana wake alisimama katika chumba kilekile cha nyuma cha duka la dobi, akinyoosha mashati ya watu wa maofisini, na kila shati lilisikia habari za mwenyewe. "Huyu naye, kola nyeusi kama tako la sufuria, halafu eti meneja." Mashati hayajibu, ndiyo maana walielewana.

Mwaka ule binti yake alipata kazi mji wa mbali, akamwachia mwanawe wa miaka minane mpaka shule zifunguliwe. Mtoto mkimya, sauti yake nyembamba, mpaka umwinamie ndipo umsikie. Binti aliagiza jambo moja tu. "Mama, mtafutie kitu cha kupenda kufanya. Akikaa bure ananiwaza, na akiniwaza hali chakula."

Bibi hakulaza damu. Alimnunulia mpira, mtoto akarudi ameukumbatia, haujagusa hata vumbi. Akampa penseli za rangi, akazichonga zote zikaisha. Fundi viatu wa mlango wa pili akajitolea kumfundisha filimbi, lakini siku ya pili akaja mwenyewe na filimbi mkononi.

"Anapuliza vizuri," alisema fundi, akikwepa macho ya Bibi. "Ila haitoi sauti. Kwangu inalia, kwake hailii."

"Wewe shona soli," Bibi akamjibu, kisha akamgeukia mtoto. "Twende dukani, mume wangu. Mume gani huyu hana hata starehe moja?" Ndivyo alivyomwita siku zote, utani wa bibi na mjukuu, na mtoto akatabasamu kidogo.

Dukani mtoto alijichagulia mahali. Nyuma ya meza ya pasi palikuwa na bomba refu la chuma lililotundikwa nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mwenye duka alikataza zisiuzwe wala kugawiwa, maana nguo ya mtu, alisema, humngoja mtu. Palikuwa na koti la dereva, gauni la mwalimu, sare ya mlinzi. Mwisho kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, palikuwa na shati la bluu la marehemu mume wa Bibi. Alilivua pale dukani lifuliwe, na kesho yake akaanguka, hakuamka tena. Bibi hakuweza kulifua wala kulipeleka nyumbani. Lilikuwa bado na jasho lake.

Chini ya nguo zile mtoto akaanza kuigiza sauti. Alikohoa kizee, akapayuka kama mlinzi, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Koti langu lisitiwe mikunjo mikononi, tafadhali!" Bibi alicheka mpaka akaweka pasi chini. Hatimaye, mtoto ana kipaji! Jioni akampigia binti simu kumtangazia.

Kesho yake kicheko kilimkauka, alipokumbuka ni nani aliyezoea kusema vile. Yule dereva. Naye hakuonekana tena tangu zamani, kabla mtoto huyu hajazaliwa.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

Mtoto alinyoosha kidole juu, kwenye koti. "Anasema mwenyewe. Mimi narudia tu."

Mtu mwenye akili timamu angemshika mtoto mkono akaondoka naye. Bibi alikuwa na akili nyingi sana kwa mambo ya wenzake. Yake mwenyewe yalimshinda, kwa sababu macho yalikwishamkimbilia mwisho wa bomba.

"Mume wangu," akaita taratibu, na safari hii hakuwa akitania.

Mfuko wa plastiki ukachakarika. Feni ilikuwa imezimwa.

"Moto umezidi, malkia," mtoto akasema, kwa sauti nzito ya mtu mzima.

Bibi aligeuka kutazama mlangoni. Mumewe alikuwa akisimama mlangoni pale, akinusa, na kusema maneno hayohayo kila pasi ilipotaka kuunguza. Hakuna aliyeyajua ila wao wawili. Alipotazama mezani, kola ya shati la mteja ilikuwa imeanza kugeuka kahawia.

Tangu siku hiyo Bibi alikwenda kazini kama bi harusi. Aliuliza, akajibiwa. Alilaumu, akabembelezwa. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimfanya asione mtoto anavyobadilika. Alianza kuketi amenyoosha mguu mmoja, kama babu yake. Akaanza kuomba maji kwa sauti ile nzito, hata nyumbani, mbali na nguo. Fundi viatu akaacha kuwasalimu.

Kisha binti akapiga simu mchana mmoja, akataka kuongea na mwanawe. Bibi akampa mtoto simu.

"Hujambo, mwanangu," mtoto akasema.

Upande wa pili binti akaita kwa woga, "Baba?" Halafu akapiga kelele mpaka Bibi akamsikia bila kushika simu. "Mama! Mama, mwanangu yuko wapi?"

Bibi alipiga magoti mbele ya mtoto. "Sema kwa sauti yako. Sema hata neno moja."

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga, akajaribu tena. Machozi yakamtoka. "Siioni, Bibi," akasema kwa sauti ya marehemu. "Sijui nimeiweka wapi."

Asubuhi yake Bibi alilitoa shati la bluu kwenye mfuko. Alilinusa mara moja, akalitia kwenye maji ya sabuni. Alijua jasho likitoka mumewe naye ametoka, na alilia waziwazi huku akifua, bila kujificha. Lilipokauka akalitandika mezani, akalipiga pasi, mikono kwanza, kisha mgongo. Alipofika kola aliiacha pasi pale. Akatega sikio.

Harufu ikaanza. Bibi hakuinua mkono. Sema, alisema moyoni, sema mara moja tu ya mwisho. Moshi mwembamba ukapanda. Nguo kwenye bomba zilining'inia kimya, nguo tu.

"Bibi, shati linaungua."

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kumwinamia mtu ndipo uisikie. Bibi akainua pasi haraka. Alama yake ilikuwa imebaki kwenye kola, kahawia.

"Umesema nini, mjukuu wangu?"

"Linaungua," mtoto akasema, akisogea mezani. "Nipe nijaribu mimi."

Bibi alingoja kidogo, asije akawapo mwingine wa kusema. Hakuwapo. Akavuta kigoda, akampandisha mtoto, akamkabidhi pasi.