Baiskeli ya Mukai Mnadani

Mukai hakuwa maskini. Naanza hapo kwa sababu watu wa mtaa wao, Mutuini, walianzia pengine, na hapo ndipo walipopotea njia.

Alikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, kazi ya kudumu, mshahara unaingia hata mvua ikinyesha. Mumewe, Kitavi, alikuwa na duka la mabati na misumari huko Dagoretti, na wateja hawakukosa. Gari wangeweza kununua. Mukai ndiye hakulitaka. Baiskeli aliianza mwaka ule wa korona, magari ya abiria yalipopunguziwa watu na nauli ikapanda. Kisha ugonjwa ukapoa, nauli nayo ikashuka kidogo, na yeye akajikuta hawezi tena kurudi kwenye foleni. Mwili ulikuwa umeonja kitu.

Hebu mfikirieni asubuhi ya Julai, baridi ile ya kukata masikio. Mukai anatoka langoni, sketi ya ofisi imekunjwa ndani ya begi, anapita machinjioni kabla harufu haijaamka vizuri, anashika barabara ya Naivasha. Magari yamesimama. Ndani yake kuna watu wanakula mkate, wanapaka rangi ya mdomo, wanatukanana na simu. Yeye anapita kando yao. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamjua.

"Mathe wa miwani, niaje?"

"Poa, vijana. Helmeti ziko wapi?"

"Tukivaa utatusahau sura."

"Sura gani hiyo ya kukumbuka?"

Nao wanacheka mpaka anapotelea mbele. Nyumbani alikuwa Mama Kaloki, ofisini madam, kanisani dada. Juu ya baiskeli hakuwa wa mtu. Kitu hicho kimoja tu ndicho alichotaka aachiwe.

Kitavi ndiye aliyekuwa akiumia. Mteja angeegemea kaunta na kumwambia, "Bibi yako nimempita pale Kawangware akibanwa na lori. Wewe unauza mabati ya watu wote, hata moja hujapata ya kumfunika?" Kitavi angecheka na mteja, kisha jioni angefika nyumbani bila kicheko.

"Mama Kaloki, tununue gari."

"Nunua yako."

"Si yangu. Yako."

"Mimi niko na yangu. Iko hapo kwa korido."

"Watu wanasema."

"Si waseme. Mimi huko barabarani nasikia upepo tu."

Tangu siku hiyo Kitavi hakulitaja tena gari. Mukai akadhani mume ameyaacha mambo hayo, kumbe alichokuwa ameacha ni kuyasema.

Sasa, kanisa lao lilikuwa dogo, la mabati, nusu ya watu wametoka Ukambani na nusu magharibi, na lilijengwa kwa kuombeana. Mtu asiye na kazi anaombewa kazi, asiye na mtoto anaombewa mtoto. Jirani yake Mukai, Nanyama, ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha akina mama cha Jumatano, na Mukai alikuwa anakikosa kwa sababu ya kazi. Nanyama akampeleka mbele za Mungu kama mama anayeteseka na baiskeli. Wakamwombea. Wakafunga kula kwa ajili yake. Hawakumwambia, maana si adabu kumkumbusha mtu shida yake. Na waliomba kwa moyo safi, hapo ndipo mimi ninaposhindwa kuwakasirikia vizuri.

Jumapili moja Kitavi aliondoka mapema akisema kuna kikao cha wazee wa kanisa. Mukai akaenda kwa miguu na Nanyama, ambaye alikuwa akitabasamu peke yake njia nzima. Uani mwa kanisa walikuta gari dogo la kijivu limefungwa riboni nyekundu, Kitavi amesimama kando yake na suti ya arusi. Pasta akapaka mafuta kwenye boneti. Akina mama wakalizunguka, mikono juu ya milango na vioo, vigelegele vikapasua anga. Nanyama akamkumbatia Mukai huku akilia.

"Dada, miaka yote hii tumeomba utoke kwa hiyo baiskeli."

"Mmeomba nini?"

"Utoke. Na umetoka."

Walipoingia ndani akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Mukai akawatazama. Mbele yake alikuwa amekaa mama mmoja mwenye vidonda vya tumbo, ambaye aliambiwa na daktari asikae na njaa, na alikuwa amefunga kwa ajili yake. Utamwambia nini mtu kama huyo? Utamwambia alilala njaa akiomba uondolewe furaha yako?

"Namshukuru Mungu," Mukai akasema, "kwa watu wake." Akaketi.

Na pale alipoketi akapiga hesabu yake. Gari litakaa uani. Jumapili wataenda nalo kanisani, wakipata msiba watasafiri nalo. Baiskeli itabaki kwenye korido, na Jumatatu ni Jumatatu. Akamsamehe Kitavi. Akawasamehe karibu wote.

Baada ya ibada kukawa na mnada, kama kila Jumapili watu wanapoleta sadaka za vitu. Tobias, fundi seremala mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akauza kuku, akauza malenge, akauza mkungu wa ndizi. Kisha Kitavi akatoka nyuma ya madhabahu akisukuma baiskeli ya Mukai. Ilikuwa imechukuliwa nyumbani wakati wa ibada, imeoshwa. Tairi zimepakwa rangi ya viatu.

"Hii ndiyo shida ambayo Mungu amemtoa dada yetu," Tobias akatangaza. "Na yeye na mzee wake wamerudisha shukrani. Nani anaanza?"

Okinyi, anayepelekea watu maziwa, akaanza, maana aliitaka kweli. Mukai akainua mkono. Watu wakacheka kwa furaha. Okinyi akaongeza, Mukai akaongeza. Kitavi akamkonyezea jicho, akidhani mkewe amependezwa. Bei ilipopanda sana, Okinyi akashusha mkono kwa heshima. "Acha mama achukue baraka yake."

Lazima niwaeleze jambo, wale ambao hamjawahi kukaa kwenye mnada wa namna hiyo. Ukinunua kitu ulichokitoa wewe mwenyewe, huendi nacho nyumbani. Unambariki nacho mtu, mara nyingi pasta. Kwenda nacho ni kama kutia mkono kwenye sahani ya sadaka na kuchukua noti yako. Mukai alilijua hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kununua jogoo wake na kumpa mgeni.

"Dada Mukai, unambariki nani?" Tobias akauliza.

"Naenda nayo."

Kanisa zima likaangua kicheko.

"Naenda nayo, Tobias. Nimelipa."

Mara hii kicheko kilitoka nusu, kikakwama. Kitavi akachukua kipaza sauti upesi. "Mnamjua mke wangu, mtu wa utani. Hii tunampa pasta."

Makofi. Pasta, mtu mnene mwenye maumivu ya nyonga na gari lake mwenyewe pale nje, akaja akashika kiti cha baiskeli. Mukai alikuwa ameshafika mbele na kuushika usukani. Wakasimama hivyo, mmoja huku, mmoja kule, wote wakitabasamu kwa ajili ya watu.

"Achilia, dada," pasta akamnong'oneza. "Achilia ubarikiwe."

Akaachilia.

Hakungoja chai. Alitoka langoni na viatu vyake vya Jumapili akashika njia ya nyumbani. Nyingine angeweza kuinunua hata kesho, hilo alilijua. Lakini ile ya kwanza ilikuwa baiskeli tu. Ya pili ingekuwa tusi kwa kila aliyefunga.

Njia ile ni ya gari moja, matope huku na mtaro kule. Kitavi akamfikia, akapunguza mwendo, akashusha kioo.

"Mama Kaloki, ingia."

"Nenda tu, Baba Kaloki."

"Watu wanaona."

"Si wametuona tangu asubuhi."

Nyuma ya Kitavi kulikuwa na gari la pasta, baiskeli imefungwa juu, miguu hewani, gurudumu la mbele likizunguka lenyewe. Nyuma ya pasta magari mengine mawili, na bodaboda tatu zimebeba kwaya. Wa mwisho akapiga honi. Kisha wa katikati. Nanyama akatoa kichwa dirishani. "Dada, ingia bwana, umetufungia njia!"

Mukai akageuka akautazama msururu wote. Gari lililoziba njia lilikuwa moja tu, nalo hakuwa analiendesha yeye. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

Akafungua mlango akaingia. Msururu ukasonga.

"Funga mkanda," Kitavi akasema kwa upole.

Akafunga.