Kiwanja cha Driciru

Kwa Mzee Enoch Onzima wa Ludara, kujua kwamba mtoto amekuwa mtu mzima haikuwa kazi ngumu hata kidogo. Wa kiume akianza kukata miti ya kujengea, baba anachukua jembe, anamwonyesha mahali hapo nyumbani, na anapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe. Basi, kuanzia hapo kijana ni mwanamume, hata kama ndevu bado zinasitasita. Wa kike naye, watu wakija kumposa akaenda kwao, amekua. Yameisha. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, ndivyo alivyomfanyia Jimmy, kifungua mimba wake, na hakukosa usingizi kwa ajili hiyo.

Tatizo lilikuwa Driciru.

Huyo ndiye binti yake, anayemfuata Jimmy, na miaka thelathini ameshaipita. Yuko Oraba, kule mpakani, anawashughulikia madereva wa malori karatasi zao za forodha wavuke kwenda Sudan Kusini. Wanaume wenye vitambi wanamwita madamu, na wakichelewa anawafokea. Wachumba walikuja, tena si wabaya, akawarudisha kwa adabu mpaka wakaacha kuja. Jumapili moja baada ya kanisa akafika nyumbani na sukari na sabuni za mama yake, akala, akanawa mikono, akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Baba, nataka kujenga hapa nyumbani. Nionyeshe mahali."

Mzee akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Akauliza ni mwanamume gani huyo asiye na haya anayetaka kukaa ukweni. Driciru akajibu kwamba hakuna mwanamume, ni yeye tu. Mzee akasema atafikiri, na wazee husema hivyo wanapokosa la kusema.

Jamani, kichwa kikaanza kumzunguka. Akimpigia jembe, maana yake nini? Kwamba Driciru ni mtoto wa kiume? Kwamba baba mtu amekata tamaa, anautangazia ukoo kwamba binti haolewi tena? Na asipompigia, ina maana mwanamke huyo, anayetegemewa na nyumba nzima, bado ni mtoto? Na Jimmy je? Jimmy alipigiwa jembe zamani, na mpaka leo anakula kwa mama yake na kumpigia dada yake simu za shida. Mzee alimtazama amelala mchana mbele ya nyumba yake inayovuja, akajiuliza siku ile alikosea wapi.

Akamweleza mkewe, Annet. Asubuhi Annet alisema mpe mtoto mahali, nafasi ni tele. Jioni akalia, eti watu watasema wamemfungia binti yao njia kwa mikono yao wenyewe. Mzee akapanda boda mpaka Midia kwa ndugu yake Adriko, mtu anayesikilizwa katika ukoo. Adriko akasema hajaona wala kusikia baba akimpigia binti jembe, na siku hiyo ikifika yeye asiitwe. Halafu huyohuyo Adriko, akimsindikiza, akamwomba amkumbushe Driciru kumtafutia kijana wake kazi pale mpakani. Mzee akarudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Mwisho akapata akili. Au alidhani ni akili, tumsamehe. Driciru alipokuja tena, akamweleza akitabasamu kwamba mahali pamepatikana, nyuma ya shamba la mihogo. Jimmy ndiye atakayesimama na kupigiwa jembe mara ya pili, watu waone Jimmy anaongeza nyumba. Driciru atajenga na kukaa, na ukoo hautakuwa na la kusema. Akasubiri kushukuriwa.

Driciru alimtazama, akainama, akamtazama tena.

"Baba, pa kulala ninapo. Nilitaka unipigie jembe mimi."

Akaaga bila kula. Annet alimbembeleza, wapi. Kuanzia hapo simu zake zikawa fupi: mmeamkaje, mko salama, haya. Sukari iliendelea kuja, lakini ililetwa na mtu wa boda. Mzee akawa anakaa na chai yake mpaka inapoa. Aliogopa, huo ndio ukweli. Aliona anampoteza mtoto aliye hai, na hakujua amwambie nini ili arudi.

Kisha Jimmy akaleta habari kwamba dada yake amenunua kiwanja pembeni mwa mji wa Koboko na ujenzi umeanza. Mzee akavaa koti la kanisani, akaondoka siku hiyohiyo. Njia nzima alipanga maneno: rudi nyumbani, mwanangu, nitakupigia jembe mbele ya watu wote, Adriko akitaka na apasuke.

Akakuta kuta zimefika usawa wa madirisha. Driciru alimkimbilia kwa furaha, hana kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa uso wa hasira. Akaletewa kiti kivulini, akaletewa maji ya kunawa na chakula cha mgeni. Mafundi wakaambiwa kwamba huyu ni baba yake, amekuja kumtembelea. Mzee akasema mlango ungetazama upande wa pili, mvua isiingie. Driciru akamsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, na mlango ukabaki pale pale. Yale maneno aliyoyapanga njiani yakamkwama. Amwambie arudi nyumbani? Nyumbani wapi tena?

Alipokuwa anaondoka, Driciru alimsindikiza mpaka barabarani.

"Asante kwa kuja, Baba. Siku nyingine nipigie simu kwanza, usije ukanikosa."

"Sawa," Mzee akasema, na kweli hakuona kosa lolote katika maneno hayo. Aliyageuza kichwani mpaka Ludara na bado hakuliona.

Annet alikuwa anamngoja mlangoni. Akauliza mtoto amesemaje, anarudi au harudi. Mzee akakaa chini, koti la kanisani bado mwilini.

"Amenichinjia kuku," akasema.