Mkono Ndani ya Gunia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikunje mkono wa shati hadi begani. Ilikuwa kwenye gulio la Mkula, yaani kituo cha chama cha ushirika ambako wakulima walileta pamba. Meneja wa ghala alinionyesha safu ya magunia akasema, "Ingiza mkono mpaka katikati. Juu kila mtu anaweka pamba nzuri."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Wazazi walikuwa wamefariki, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kuchagua kazi. Niliingiza mkono. Gunia la tatu lilikuwa na mchanga, la saba lilikuwa limemwagiwa maji ili liwe zito. Jioni mkono wangu ulikuwa umechubuka wote, na sikumwamini tena mtu yeyote aliyenisalimia kwa tabasamu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkaguzi. Pamba nyeupe, kavu, isiyo na takataka tuliiita safi. Yenye madoa au majani tuliiita fifi. Macho yalitosha kutenganisha hizo mbili; udanganyifu ulihitaji mkono. Tulikuwa pia na njia ya maswali. Mume na mke wakija pamoja, mmoja nilimwuliza mbele ya mzani, mwingine nikamfuata kivulini: pamba ililala wapi, nani alifunga gunia? Majibu yakigongana, nilifungua gunia lote. Yakilingana neno kwa neno, nilifungua pia, maana hayo yalikuwa yamepangwa njiani.

Nikahamishiwa Mwamanyili. Huko nilikuta jiwe kwenye gunia la mzee mmoja, nikapaza sauti foleni nzima ikasikia. Katibu wa chama, mama mfupi asiyependa kelele, akaamuru gunia limwagwe. Jiwe lilikuwa hilo moja tu, bapa, la ukubwa wa kiganja. Mke wa mzee akasema ndilo alilokandamizia shuka upepo usipeperushe pamba ikiwa juani, na walipofunga gunia likaingia humo.

"Mabula," katibu akaniambia, "umekuta jiwe. Wizi bado hujaukuta. Mwombe baba radhi."

Nilimwomba mbele ya watu. Yule mzee akanijibu, "Hilo jiwe nirudishie, ngosha. Mama watoto atalitafuta." Watu walinicheka msimu mzima.

Baadaye nilipelekwa Mwanhuzi, kisha ghala la Bariadi, na hapo ndipo nilipostaafu. Bega la kulia lilistaafu kabla yangu. Sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Mdogo wetu wa mwisho, Milembe, ambaye nilimlea tangu hajaanza kutembea na sasa ni muuguzi Mwanhuzi, alinipeleka Mwanza kupiga picha ya MRI. Unalazwa ndani ya bomba, mashine inagonga kama watu wanaotengeneza bati, nawe hutakiwi kutikisika.

Daktari wa mifupa alitufafanulia majibu. Kano ya bega, ule ugwe unaoshika msuli kwenye mfupa, ilikuwa imechakaa na kuchanika kidogo. Hilo nililitarajia. Kisha akageuza kioo cha kompyuta.

"Kuna kingine ambacho hatukukitafuta. Ndani ya mfupa kuna kiuvimbe kidogo, kinaonekana ni cha gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo. Hakitishi. Maumivu yako yanatoka kwenye kano, si humo. Utafanya mazoezi ya bega, na baada ya miezi sita tutapiga picha nyingine."

Kama hakitishi, miezi sita ya nini? Nilisikia neno moja tu ambalo hakulitaja: saratani. Nikasema moyoni, huyu ameweka pamba nzuri juu.

Nilifanya kama nilivyozoea. Nilimrudia daktari peke yangu, nikamwambia nimesahau kofia, nikamwuliza tena; akajibu yale yale. Tulipofika Bariadi nikamwuliza Milembe akiwa anapepeta mchele.

"Hakitishi, kaka. Maumivu yanatoka kwenye kano, si humo."

Neno kwa neno.

"Mmepanga," nikamwambia. "Uliongea naye kabla yangu."

Ungo ukasimama. "Nilimpigia, ndiyo."

"Ili mnifiche."

"Nilimpigia kwa sababu niliogopa mimi. Nilimwuliza mara tatu, nikayashika maneno yake nikayarudia usiku kucha ili nilale. Wewe unadhani ni wewe tu unayepekua magunia?"

Aliweka ungo chini, akaleta bahasha, akanisomea ripoti mstari kwa mstari, akigeuza Kiingereza chake kuwa Kisukuma. Kingo za uvimbe ziko wazi. Mfupa haujatafunwa. Alipofika mwisho akasita.

"Soma," nikasema.

"Wanasema picha moja haitoshi kuthibitisha, ndiyo maana wanataka ya pili."

Hapo moyo ulitulia. Katika miaka yangu yote ya gulio hakuna mdanganyifu aliyewahi kukiri kwangu kwamba kuna asichokijua. Na yeye angeweza kuuruka mstari ule, mimi nisingejua.

Miezi sita nilivuta kamba niliyoifunga kwenye kitasa cha mlango, asubuhi na jioni. Bega likalegea, sasa shati navaa mwenyewe. Picha ya pili ikapigwa. Daktari akaziweka mbili sambamba akasema kiuvimbe hakijabadilika hata kidogo, na kwamba wengi wanatembea navyo bila kujua. Nilimtazama Milembe. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Vijana wakaguzi wa leo huja nyumbani kuniuliza juu ya kazi. Nawaambia wapekue, wasione haya, nami bado nahesabu chenji mara mbili. Ila Milembe akiniambia jambo, siendi kumwuliza mtu wa pili.