Moto wa Chini ya Shamba la Mumba

Ukitaka kumkasirisha Mumba, mwambie dembo ni matope tu. Tulikaa ua kwa ua huko Katuba, pale nyumba zinapokwisha na bonde la majani kuanza, na nimemsikia akiwakaripia watu wazima kwa neno hilo. Dembo kwetu ni bonde la maji, mayi kama tusemavyo, na chini ya majani yake kuna mboji nyeusi, mizizi iliyooza na kushikana tangu enzi za mababu. Wabelgiji waliiita turbu. Mumba, ambaye hakuipenda shule wala shule haikumpenda, alilichukua jina hilo likawa lake.

Aliikata turbu kwa jembe kama mtu anayekata mkate. Iliyo laini aliioteshea miche ya nyanya na kabichi. Nyingine aliipeleka kwa magunia hadi Golf, mtaa wa matajiri, kwa mabibi wa villa ambao hawakutaka maua yao yafe kiangazi. Mabonge aliyaanika juani, na makaa yakiadimika mtaa mzima tulipikia hayo: hayana haraka, lakini moto wake ni mkaidi. Vumbi lake alilimwaga chooni na chini ya bata wake, likanywa harufu yote. Tulimcheka, tukamwita Mama Turbu, kisha jioni tukaenda kumwomba bonge moja.

Mumewe, Kunda, alifanya kazi kwenye shaba. Alifariki mwezi wa tisa, miaka ile ambayo majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa. Mdogo wa Kunda, ambaye ofisini alikuwa citoyen, yaani raia, Kalenga na nyumbani aliendelea kuwa Zéphirin, akaja kusimamia kilio. Mimi simpendi mtu anayelia huku macho yanazunguka ua. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na ingerudi kwa kampuni. Kwa Mumba lilibaki lile shamba la dembo tu, na Zéphirin alilijua hilo vizuri.

Mjane wa kwao huketi chini, mgongo ukutani, wala havuki kizingiti mpaka ndugu wa mume wamwoshe. Akitoka kabla, amemkanyaga marehemu, na kila alichoachiwa kinarudi kwa ukoo. Ni shemeji peke yake anayeweza kumwita nje, kwa sababu anasimama mahali pa mume. Na kumwosha kulikuwa kunacheleweshwa, eti mjomba wa Kolwezi hajafika.

Kuna mwiko mwingine: moto wa kilio haumwagiwi maji. Majivu yake hupelekwa penye maji, moto ufe wenyewe. Safari hii makaa yaliisha katikati ya matanga, wanaume wakachochea kwa mabonge ya Mumba. Zéphirin akabeba beseni la majivu hadi dembo, akalimwaga kando ya shamba, kama baba zake walivyofanya. Lakini mvua ilikuwa haijafika, dembo lilikuwa limekauka, na ndani ya yale majivu turbu ilikuwa bado hai.

Siku chache baadaye nilimpelekea Mumba uji. Hakuupokea. Alikuwa ameinua pua.

"Ile harufu unaisikia?" akaniuliza. "Turbu inaungua. Enda uangalie ku shamba."

Nilikwenda nikitembea, nikarudi nikikimbia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka ardhini, bila mwali hata mmoja, upande ule njia inakoingilia shambani. Katikati ya shamba alisimama Zéphirin na kamba yake, anapima. Nilimpigia kelele atoke, akanipungia mkono kama anayefukuza kuku. Alidhani nimetumwa na mjane kumzuia.

Nilimwambia Mumba moshi uko njiani. "Chini kumekuwa shimo," akasema. "Juu ni ngozi tu. Akirudia ile njia, ataingia mu moto."

Mlangoni alikaa Shangazi Nkandu, dada mkubwa wa Kunda, miguu ameinyoosha kizingitini kama komeo.

"Ukitoka, shamba haiko yako tena," akasema. "Na miye sioni moto. Dembo ni mayi. Mayi haiunguake."

Mumba alisimama. Niliona uso wake, na sitaki kuuona tena uso kama ule. Shamba ndilo lililokuwa chakula chake na uzee wake, na mtu aliyekuwa hatarini ndiye aliyekuja kumnyang'anya. Nami nasema wazi, moyoni niliomba aketi.

Akairuka miguu ya Shangazi.

Nyuma ya banda la bata aling'oa bati, tukalibeba wawili mbio. Tulimkuta Zéphirin ameshazama. Mguu mmoja ulikuwa ndani hadi gotini, na kila alipojikaza kuinuka udongo ulibomoka zaidi na moshi ukapanda. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imekwisha.

"Lala," Mumba akamwambia. "Usisimame. Lala na tumbo."

Akalilaza bati juu ya majani, akalala juu yake, akajivuta mbele taratibu. Mimi nilimshika vifundo vya miguu. Bati lilianza kupata moto. Nilisikia ardhi chini yetu ikinong'ona, na niliogopa kama sijawahi kuogopa. Mumba akamshika Zéphirin makwapani. Tulivuta. Kiatu kilibaki chini, na ngozi nayo.

Mjomba wa Kolwezi alipofika, ukoo ulikaa baraza. Zéphirin aliletwa, mguu umefungwa vitambaa. Shangazi Nkandu akamwuliza mbele ya wote: "Ulimuita?"

Neno moja tu lingetosha. Zéphirin akatazama sakafu.

"Hapana," akasema. "Sikumuita."

"Ndio kweli," Mumba akasema. "Kama ningengoja aniite, leo mungekuwa na kilio mbili."

Shamba likapewa Zéphirin, na Mumba akahamia kwangu na bata wake. Nilitukana siku nzima; yeye aliwajengea bata banda.

Moto nao haukujali baraza. Ulitambaa chini kwa chini kuelekea kabichi, matuta yakawa yanaporomoka moja baada ya jingine. Zéphirin alilipa vijana wamwage maji, lakini maji yalipita juu na moto ukapita chini. Mwishowe Shangazi Nkandu akaja kusimama mlangoni kwangu. Mumba alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama, ile moto inazimwa namna gani?"

"Munachimba mufereji mpaka ku udongo mweupe, mbele yake. Lakini mufereji inapita wapi, lazima nione. Na miye sitoke kama sikuitwa."

Shangazi akaondoka. Jioni akaja Zéphirin mwenyewe, anachechemea na fimbo, jasho linamtoka. Hakuketi.

"Mumba," akasema, "nakuita."

Mumba hakuinua kichwa. "Ku shamba ya nani?"

Zéphirin akamgeukia Shangazi Nkandu, aliyekuwa amemfuata nyuma.

"Ya kwako," akasema.

Mumba akasogeza ungo, akaniomba jembe.